Jani la Limi

Muhogo wetu ulimea ndani ya kopo la rangi
nyuma ya maabara, shuleni Igogo,
mlimani pale ambapo jiwe limekalia jiwe
na nyumba imekalia yote mawili.
Mwalimu Nyanzobe akasema: ufungieni kabatini.
Siku mbili gizani, ule akiba yake hadi iishe,
maana shahidi aliyeshiba hafai mahakamani.

Nami nikakata herufi kwa wembe
kwenye karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara:
L, I, M, I.
Jina la mdogo wangu. Kwa Kisukuma ni jua.
Sikulichagua kwa mapenzi, nakiri,
ila halina herufi yenye tumbo,
na wembe haujui kuzunguka.

Siku ya tatu tukautoa nje, jani moja
tukalivisha ile karatasi, tukaibana kwa klipu,
na jua la ziwa likapiga tangu saa tatu
mpaka kengele ya kutawanyika.

Mle ndani, alisema mwalimu, hakuna aliyekaa bure.
Maji yanapanda toka mizizini, tone likivuta tone.
Hewa ya ukaa inaingia kwa milango ya upande wa chini,
nayo ni pumzi zenu, ni moshi wa samaki wa Mwaloni,
haichagui mwenyewe.
Kisha zile punje za kijani, kloroplasti,
zenye visahani vilivyopangana
kama sahani za mama lishe kabla ya saa sita:
nuru inavigonga, na maji yanapasuka.
Oksijeni inatupwa nje, taka,
na taka hiyo ndiyo unayoivuta sasa hivi, Lugendo,
ukipiga miayo.
Kinachobaki kinaunganishwa na ukaa,
chembe kwa chembe, hadi sukari,
sukari kwa sukari, hadi wanga.
Jani linapenda nyekundu, linapenda buluu,
linazila.
Kijani tunachokisifu ni makombo.

Usanisinuru, akaandika ubaoni,
chaki ikakatikia katikati ya neno.

Tukalichemsha jani majini, halafu katika spiriti,
bikari ndani ya sufuria, moto tumeshauzima.
Kijani kikatoka chote kikaingia kwenye spiriti.
Jani likabaki jeupe, kavu la kuvunjika,
tukalilowesha maji ya vuguvugu likalegea.
Ayodini: tone, tone, tone.
Jani zima rangi ya chai ya rangi,
isipokuwa pale nilipopitisha wembe.
Pale, buluu iliyokaribia weusi:
L, I, M, I,
ile M imevimba mguu mmoja kwa kuwa klipu iliteleza.
Lugendo akaacha miayo.
"Jua limesaini," akasema.

Ayodini kidogo nikaiiba
kwenye kichupa cha dawa ya macho.
Usiku, ugali wa udaga ulipotua mkekani,
nikadondosha tone kwenye tonge langu.
Likawa jeusi.
Mama akanipiga kofi la mkono:
umetia sumu chakula cha watu!
Nikamweleza, mbio mbio, nikarukaruka hatua,
jani, nuru, wanga, jina.
Akasikiliza huku akijifunga kanga ya pili kiunoni,
maana boti la udaga wa Ukerewe lilikuwa limekaribia
na magunia hayajishushi.
Akauliza swali moja tu:
"Na usiku, hilo jani linafanya nini?"

Sikujua.
Ilinibidi ningoje Jumatatu:
usiku wanga unavunjwa, unarudi kuwa sukari,
unashuka kwa mishipa, gizani, taratibu,
mpaka chini kwenye mizizi,
unafungwa humo upya, na huo ndio muhogo.

Nikampelekea jibu gatini, saa nne za usiku.
Gunia lilikuwa mgongoni mwake.
"Kumbe nalo," akasema, bila kusimama,
"linashusha mzigo usiku."

Nyumbani Limi alikuwa amelala,
tonge halijaisha mkononi.